Redio Iliyosema Bila Kusikia

Saa tatu na nusu asubuhi ya Jumatatu, Kapteni Yubelkis Peguero aliukata kwa mkono wake utepe wa polisi uliozungushwa mlangoni mwa chama cha wanaredio wa Punta Caimito. Saa sita gari la mwendesha mashtaka lingefika kumchukua Doña Casilda Reynoso. Kesi ilikuwa imekwisha kupikwa na kupakuliwa. Yubelkis alitakiwa kuila tu na kushukuru.

Ilikuwa hivi. Ijumaa alasiri, boti ya Confesor Linares ilizimika injini maili kumi na mbili kutoka pwani, ikaanza kuingiza maji. Confesor alikuwa mwanaredio mwenye leseni, mmoja wa wale wanaozungumza na dunia kwa mitambo yao ya nyumbani bila kulipwa hata senti, na botini alikuwa na redio ndogo ya betri. Aliita kituo cha chama kwa dakika arobaini. Zamu ilikuwa ya Doña Casilda. Hakujibiwa. Confesor alizama. Baharia wake, Martín Paulino, aliokotwa jioni ileile akiwa amekumbatia jerikeni tupu, na kitandani hospitalini alitoa maneno ambayo sasa mji mzima uliyajua kwa moyo:

"Tulikuwa tunamsikia yule mama vizuri kama yuko jikoni kwetu. Kila robo saa anauliza, 'Kuna chombo chochote baharini chenye shida?' Sisi tunajibu. Yeye anasema, 'Hakuna anayejibu, bahari iko kimya.' Confesor akaniangalia, akasema, 'Huyu mama ananikomesha.'"

Ananikomesha kwa lipi, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Confesor alikuwa mkwe wa Casilda miaka sita, kisha akamwacha binti yake na mimba ya miezi saba.

Chumba kilinuka vumbi la moto na chumvi. Redio ilikaa juu ya meza ya mbao, kubwa kama tanuri dogo, na pembeni daftari la kumbukumbu za mawasiliano. Yubelkis aliwaruhusu watu watatu waingie. Wa kwanza Doña Casilda, mshonaji wa sare za shule, miaka sitini na moja, kidevu juu. Wa pili Don Nicanor Ureña, mwenyekiti wa chama, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Wa tatu Alduey, fundi wa televisheni na redio, mwenye begi la vifaa na njaa isiyoisha.

"Mwanangu," Casilda alisema kabla hajaketi, "nikwambie jambo moja halafu ninyamaze. Mimi ningetaka kumkomesha Confesor, ningemkomesha nchi kavu, nikiwa namwona usoni. Kumkomesha mtu usiyemwona kuna raha gani?"

"Casilda, usijichimbie kaburi," Nicanor alimtahadharisha kwa upole.

"Nachimbiwa, Nicanor. Mimi sina hata koleo."

Yubelkis alitoa picha alizopiga mwenyewe Ijumaa saa mbili usiku, alipofunga chumba. Mwendesha mashtaka alidai mama huyu aliteremsha kitasa cha usikivu ili asisikie wito. Kapteni alishika picha kando ya redio, akalinganisha kitasa kimoja kimoja. Cha usikivu kilikuwa juu kabisa. Kile kitufe cha kufifiza mawimbi makali kilikuwa kimezimwa. Picha na redio vilifanana kama pacha.

"Labda alivirudisha kabla polisi hamjafika," Nicanor alisema.

Yubelkis alimtazama. "Wewe ni mwenyekiti wa chama, Don Nicanor, au wa mashtaka?"

"Natafuta ukweli kama wewe, Kapteni."

"Basi tuutafute kwa zamu. Alduey, iwashe."

Redio iliwaka. Ilitoa mvumo mwembamba, kama chai inayokaribia kuchemka nyumba ya tatu. Alduey aliinamisha sikio, akakunja uso, kisha akauchomoa waya wa antena mgongoni mwa redio. Mvumo ukaendelea vilevile. Akauchomeka. Vilevile.

"Hapa pana jambo," alisema. "Redio nzima ukiinyang'anya antena, kelele zinaanguka palepale, kama mtu umemziba masikio. Hii haijali. Maana yake ilishazibwa kabla sijaigusa."

"Inasema?"

Alduey alibonyeza kipaza sauti, akahesabu moja mpaka tano. Sindano ya mita ikaruka mpaka mwisho. "Inasema mpaka Panama. Ila haisikii. Ni kama mama mkwe wangu."

Casilda alifunga macho. Yubelkis alirudisha macho kwenye redio. Redio kuwa kiziwi Jumatatu hakukumwokoa mwenye zamu ya Ijumaa.

Nicanor alilijua hilo pia, na alilisema haraka mno. "Ni mvua ya Jumamosi! Maji yameingia kwenye waya wa antena. Ijumaa asubuhi ilikuwa inasikia vizuri kabisa. Niliendesha mimi mwenyewe baraza la saa moja, la kusalimiana vituo vyote. Daftari hilo hapo, fungua."

Yubelkis alifungua. Ijumaa, saa moja asubuhi, vituo tisa, na mbele ya kila kituo tarakimu mbili: tano, tisa.

"Nifafanulie kama mtoto."

"Ya kwanza ni jinsi maneno yanavyoeleweka, mwisho wake tano. Ya pili ni nguvu ya sauti, mwisho wake tisa. Tano-tisa maana yake nakusikia kwa ukamilifu." Nicanor alikunja mikono. "Vituo tisa, vyote tano-tisa, saa tisa kabla ya Confesor kuita. Inaniuma, Kapteni. Casilda ni kama dada yangu. Lakini wino ni wino."

"Alduey, kama maji yameingia kwenye waya, ungejuaje?"

Fundi alikuwa amekwisha kuitoa redio yake ndogo begini. Aliuchomeka waya ule ule wa antena humo, na chumba kikajaa kelele kama soko: mlio, mkwaruzo, na Mkolombia mmoja anayelalamika kuhusu mgongo wake. "Waya mzima, antena nzima," alisema. "Ukiziwi umo ndani ya sanduku."

Nadharia ya pili ikafa. Lakini daftari lilibaki hai, na saa ya ukutani ilikuwa imekwisha kupita saa nne.

Yubelkis alilipekua daftari kurudi nyuma. Alhamisi, vyote tano-tisa. Jumatano, tano-tisa. Mwezi mzima wa nane, na siku ya radi pia, tano-tisa. Alifunga daftari polepole. Aliwahi kuishi na bibi aliyeulizwa habari ya asubuhi akajibu nzuri, na paa la nyumba yake lilikuwa limeng'olewa na kimbunga usiku uleule.

"Don Nicanor, nisaidie," alisema kwa sauti ya mwanafunzi. "Sijawahi kuona mnavyofanya. Muite mtu wa jirani, umpe ripoti yake, nione."

"Kwa redio hii?"

"Mwenye mtambo mkubwa wa karibu huenda akapenya."

Nicanor aliketi kama mpiga kinanda kanisani. Aliita kituo cha Neftalí, wa Cabo Hondo, kilomita thelathini, mwenye mtambo wenye nguvu unaojulikana pwani nzima. Neftalí alijibu. Sauti ilitoka chini kabisa, kama mtu aliyefunikwa mablanketi matatu. Yubelkis hakumtazama Nicanor. Alitazama sindano ya mita ya kupokea. Ilitikisika, ikapanda mpaka mbili, ikakata tamaa.

"Pole na msiba wa Confesor, Nicanor," ilisema sauti ya mbali. "Unanipataje?"

"Tano-tisa, Neftalí ndugu yangu! Kama uko hapa chumbani! Salamu kwa mama watoto."

Nicanor aliachia kipaza sauti. Aligeuka. Kapteni alikuwa akiandika.

"Saa nne na dakika kumi na mbili," alisoma alichoandika. "Mita, mbili. Mwenyekiti, tisa."

"Ni... ni adabu tu, Kapteni. Huwezi kumwambia mtu usoni kwamba sauti yake mbovu. Ni desturi ya wanaredio wote."

"Ni kweli," Casilda alisema kwa sauti ndogo. "Hata mimi. Sote."

"Basi daftari hili halisemi redio ilikuwa ikisikia. Linasema mna adabu." Yubelkis alivuta kurasa mbili zikae pamoja. "Kitu kimoja tu hakina adabu hapa, nacho ni hesabu. Alhamisi asubuhi mlikuwa na vituo kumi. Ijumaa, tisa. Amekosekana nani?"

Casilda alivaa miwani yake, akapitisha kidole. "Eladio. Eladio wa mlimani, mfuga nyuki. Huyo hakosi hata akiwa na homa. Karedio kake kanatumia betri ya jua, sauti yake ni kama mbu, lakini hakosi."

Namba ya Eladio ilikuwa imebandikwa ukutani. Yubelkis alimpigia kwa simu yake, akaweka spika.

"Nani huyo?" mzee alifoka. "Kama ni wa kuuza sola nyingine, sitaki!"

"Kapteni Peguero, polisi. Don Eladio, Ijumaa saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Polisi! Nilikuwa kwangu, naita kituo cha chama kama mjinga. Nimeita mara nne. Nilimsikia Nicanor anawasalimu wote, mimi ananipita kama mbwa wa jirani. Nikasema sawa, kwa kuwa sikumpa asali. Mwambie nimenuna!"

"Na Alhamisi asubuhi?"

"Alhamisi alinijibu vizuri. Tano-tisa."

Yubelkis alikata simu. "Redio iliziba kati ya Alhamisi saa moja asubuhi na Ijumaa saa moja asubuhi. Mwenye sauti kubwa alipenya kwa mbali. Mwenye sauti ndogo hakupenya kabisa. Redio ya botini ina nguvu kiasi gani, Alduey?"

"Ya Confesor? Sawa na ya Eladio. Labda chini yake."

Doña Casilda alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Nicanor alimshika bega. "Nimeshusha pumzi, dada. Ni ajali basi. Chombo kizee kimekufa chenyewe. Hakuna mwenye kosa." Alikuwa ameinuka tayari. "Kapteni, Mungu akubariki. Nifungue madirisha?"

"Keti, Don. Alduey, fungua sanduku. Nataka kujua kilichokufa, na kama kilikufa chenyewe."

Parafujo nane. Kifuniko kikatoka. Alduey aliwasha tochi ya kichwani akaanza kutoka nyuma, mahali antena inapoingia, akigusa njia kwa ncha ya waya. Relei inayobadilisha kusema na kusikia ililia tki-tki, ncha zake za kugusana safi. Akasogea mbele kidogo, akagusa, na spika ikanguruma kwa nguvu mpaka Casilda akaruka.

"Kuanzia hapa kwenda mbele, inasikia," Alduey alisema. "Kutoka hapa kurudi nyuma, kiziwi. Katikati pana kitu kimoja tu." Alielekeza koleo kwenye balbu ndogo kama punje ya mchele, imelehemiwa kwenye njia ya kupokea. Kioo chake kilikuwa cheusi. Alipima kwa mita, sindano haikusogea. "Uzi wa ndani umekatika. Hii si taa ya kuangaza, Kapteni. Ni mlinzi. Likija wimbi kali kupita kiasi kwenye antena, yeye anaungua ili wengine wapone."

"Kali kiasi gani? Radi?"

"Radi ingekula na hivi, na hivi." Alionyesha vipande vingine, vizima vinang'aa. "Huyu kauawa peke yake, kwa kisu chembamba. Ni mtambo mwingine. Mkubwa. Na karibu, karibu sana, kama kuzungumza mtu na sikio lake."

Yubelkis alikwenda dirishani. Waya wa antena wa chama ulitoka kwenye mlingoti ukavuka uwanja, mweusi wa kijani kwa chumvi ya miaka. Chini yake, hatua mbili, sambamba nao kama kivuli, ulipita waya mwingine. Huo ulikuwa mwekundu, shaba mpya isiyolambwa hata wiki moja na upepo wa bahari. Aliufuata kwa macho kutoka kwenye mlingoti wa chama, juu ya ukuta, mpaka paa la nyumba ya jirani.

"Ile nyumba ya nani?"

"Yangu," Nicanor alisema. Alisema bila kusita, hilo lilimpa sifa. "Niliufunga Jumatano."

"Kwenye mlingoti wa chama."

"Ni kinyume cha kanuni ya tano," Casilda alisema. "Kanuni aliyoiandika yeye."

"Na mtambo wako mpya, Don, unatoa nguvu kiasi gani?"

"Inatosha."

"Ni mara kumi ya hii hapa," Alduey alidokeza. "Alhamisi jioni taa zangu zilikuwa zinapepesa kila akifungua mdomo. Amepata Japani! Mji mzima tumeambiwa kuhusu Japani."

Nicanor alijaribu kucheka. "Sawa. Sawa, Kapteni. Nakubali. Alhamisi niliwasha mtambo, redio ya chama ikiwa imechomekwa, na hii balbu ikaenda. Nitalipa, nitaacha uenyekiti. Lakini sikujua. Mtu haui kwa asichokijua. Nimejua leo, hapa, pamoja nanyi."

Na hapo, kwa mujibu wa sheria, ilikuwa kweli. Uzembe, faini, aibu. Yubelkis alihisi kesi ikikaa sawasawa mno, kama kiti cha kuazima. Na Don Nicanor, mara tu alipohisi yuko salama, alikuwa na haraka ya kufungua madirisha na kuyamaliza.

"Alduey," alisema, "iponye. Nataka nisikie ikisikia, niandike kwenye ripoti."

"Nitaunganisha kipande cha waya kwa leo. Balbu zenyewe sina tena."

"Ulikuwa nazo?"

"Mbili. Kachukua zote mbili Don Nicanor." Fundi hakuinua kichwa; pasi ya kulehemia ilikuwa imeanza kutoa moshi.

Yubelkis hakupandisha sauti. "Lini?"

"Ijumaa. Saa sita na nusu hivi, wali unaungua jikoni, mke wangu ananiita majina. Akasema za redio yake."

"Redio yake inatumia balbu kama hizi?"

Sasa Alduey aliinua kichwa. Alimtazama Kapteni, kisha Nicanor, na pasi ikabaki angani mkononi mwake. "Yake ni ya mwaka jana," alisema taratibu. "Za siku hizi hazina."

"Hukunieleza."

"Hukuniuliza, Kapteni. Nilidhani... Don Nicanor, si ulisema za kwako?"

Nicanor alikuwa akitazama mikono yake. Shati lililopigwa pasi lilikuwa limelowa kwapani.

"Ulijua Ijumaa mchana," Yubelkis alisema. "Ulipita hapa, ukaona imekufa, ukajua kwa nini. Ukaenda kutafuta balbu. Kwa nini hukuiweka?"

"Niliporudi alikuwa amekwisha kuketi," Nicanor alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya ile redio. "Zamu yake saa saba, amekuja mapema na chakula chake. Ningefungua sanduku mbele yake ningeeleza nini? Jumapili ulikuwa uchaguzi wa chama. Nikasema, ni jioni moja tu. Akiondoka, naiweka. Bahari ilikuwa kama kioo, Kapteni. Hakuna mtu ambaye angeita."

"Na saa mbili usiku nikafunga mlango kwa utepe."

Aliitikia kwa kichwa. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa bahasha ndogo ya karatasi, akaiweka mezani. Alduey aliigeuza. Punje mbili za kioo zikaviringika juu ya mbao.

Nje, honi ya gari la mwendesha mashtaka ililia mara mbili. Hakuna aliyegeuka.

Doña Casilda alisimama. Yubelkis alitegemea makofi, matusi, machozi. Alikuwa na haki ya vyote vitatu. Mama huyo alizunguka meza mpaka akawa mbele ya mwenyekiti, akavua miwani, akamtazama kwa muda kama anayepima kitambaa.

"Ijumaa saa kumi na robo, Confesor akiwa anaita huko, uliingia humu," alisema. "Uliniletea kahawa. Ulisimama nyuma ya kiti changu mpaka nilipomaliza kuita. Ukaniuliza, 'Kuna mtu?' Nikakwambia hakuna, bahari iko kimya. Ukasema, 'Mungu ni mwema.'"

Yubelkis alivuta kiti, akageuza ukurasa mpya, akatoa kifuniko cha kalamu.

"Hilo lirudie, Doña Casilda," alisema. "Polepole. Nataka niliandike kama ulivyolisema."